Joho Lililobaki

Shoga, uko wapi? Fundi wetu wa nguo leo kaumbuka kanisani, na mimi bado siamini.

Si unajua alivyokuwa akikaa karibu na mlango tangu amtoroke yule mumewe, mkoba mapajani kama anayengoja basi? Ukimuuliza, anakwambia, "Mungu na mimi hatusemezani. Nimekuja kupima kwaya tu." Na blauzi za mikono mirefu hata jua likiwaka, lile kovu la mkononi, alikochomwa pasi na mumewe, lisionekane.

Basi leo kaleta majoho. Kila mtu kavaa lake, moja likabaki.

Moja likabaki, mwenzangu. Fundi asiyekosea hata tundu la kifungo.

Tukamjaribisha mama mnene wa sauti ya pili, likagoma mabegani. Mwembamba wetu akapotelea ndani. Fundi anaokota pini ambazo hazijadondoka.

Mwalimu wa kwaya akamwambia, "Hebu livae wewe."

Likamkaa utadhani kazaliwa nalo.

"Nilikosea vipimo," anasema. Vipimo vyake mwenyewe, shoga, mpaka kile kiuno anachoturingia. Tulicheka hadi mzee wa kanisa akachungulia.

Halafu nikaona mikono. Majoho yetu yote yana mikono mirefu, lake mifupi. Kovu lote nje, mchana kweupe.

Mwalimu akamuuliza polepole, "Na mikono je?"

"Kitambaa kilipungua."

Akaja akasimama katikati yetu. Yule asiyesemezana na Mungu akaliimba jina la Yesu, sauti inakwaruza kama cherehani isiyotiwa mafuta, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Kitambaa kilichobaki nimekikunja mimi. Kinatosha mapazia ya kanisa zima.