Mama Mkwe na Simbilisi Wangu

Maruja weee! Mama mkwe kajileta mwenyewe!

Unamjua Kusi, simbilisi wangu mweusi tii. Wiki nzima alikuwa na nimonia, kifua kikikoroma. Nikamtoa kwenye moshi wa jikoni, nikamnywesha dawa ya daktari wa mifugo, na mama mkwe na uganga wake wa kuhamishia magonjwa kwenye simbilisi ananicheka: "Mwanamke mzima unauguza kitoweo!"

Kitoweo, eti! Alhamisi ya wiki iliyopita natoka sokoni, namkuta mama mkwe kambeba Kusi wangu, anamsugua kifuani kwa Mzee Fortunato mwenye kikohozi, majirani wakitazama. Kusi akakoroma. Mama mkwe akapaza sauti: "Mnasikia? Kikohozi kimehamia kwa mnyama!"

KIMEHAMIA, Maruja! Anacho tangu Jumanne!

Watu wakapiga makofi. Nikampokonya Kusi kabla hajapasuliwa ili ugonjwa usomwe matumboni. Nikamrudisha kwenye dawa yake.

Sasa leo anamtaka tena. Jumapili anamtibu mke wa mwenyekiti, kijiji kizima kikitazama.

Nikamwambia, "Mchukue tu, mama. Ila humpasui mpaka wote tumsikie akikoroma."

Akacheka. "Atakoroma tu, mwanangu. Kwani simbilisi wako hakoromi kila siku?"

Maruja, njoo mapema tukae mbele. Kusi kapona. Tangu juzi hajakoroma hata mara moja.