Pumzi Sabini na Nane

Baba watoto,

Yai la dada mtu nimelichemsha, liko sufuriani. Ale kabla ya shule, na asiambiwe lolote. Mama yako usimwamshe, nimetoka kwa kunyata.

Nimempeleka mdogo hospitali. Alfajiri alikataa kunyonya, miguu ya baridi. Nikaitoa ile saa yangu ya kazini mliyonifichia kabatini, nikahesabu pumzi zake dakika nzima: sabini na nane. Kwa kichanga, sitini tu tayari ni hatari. Nikarudia, nikiomba saa iwe mbovu. Kila akivuta hewa, mbavu zinabonyea.

Juzi nilipotaka kumhesabia mlinicheka, wewe na mama yako: “Usituletee wodi nyumbani. Hapa wewe ni mama, si nesi.” Nami nikacheka, nikaacha. Wanawake wa watu nawagombeza kila siku kwa kuchelewa kuleta watoto. Leo nitakaa nao benchi moja. Siwalaumu nyinyi. Nilitaka kuwa mama tu, hata kwa siku mbili.

Mtoto wa siku tisa akiletwa hivi, najua manesi tunavyoangaliana. Kwa hiyo usinipigie simu kuniuliza kama atapona. Njoo tu, na shuka safi.

Dada mtu akitoka shule, apokewe na jirani.

Nepi za mdogo ziko kambani, mawingu yametanda, zianue. ~~Zikunje, uzipange kwenye kikapu chake.~~ Ziache tu kwenye kiti.

Mama yake