Maneno ya Mzee Mskoti

Fort Worth, Jumatatu

Da Neema, shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Hapa ni manyunyu tangu juzi. Siku kama hii, yule Mzee Mskoti niliyekuwa namwogesha kwenye nyumba ya wazee aliiita “dreich”: baridi, unyevu na huzuni kwa mkupuo. Manesi walidhani anaweweseka. Mimi nilimuuliza maana, nikaandika kwenye daftari. “Wee” ni kadogo. “Blether” ni kupiga soga.

Kila nikitoka kazini aliniambia “haste ye back”. Kwao humwambia hivyo mgeni anayeondoka: usikawie kurudi. Nami nilimjibu kwa Kiswahili, “Nikijaliwa,” na alikuwa hafumbi macho mpaka alisikie hilo jibu.

Ijumaa mwenzangu anayenipa lifti alikuwa anapiga honi. Nikavuta mlango bila kujibu. Leo nimekuta kitanda kimetandikwa upya. Mzee alifariki Jumamosi. Daftari ninalo, wa kupiga naye soga sina.

Msalimie baba, ajifunike vizuri. Na mama akiuliza nitarudi lini, usimwache akingoja. Mjibu hapohapo: akijaliwa.

Mdogo wako,
Rehema