Mzee Niliyemchukua Nyumbani

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani kwa Baba.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na wanao, Bonge na mdogo wake Bonge Nusu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema kuinama kufunga viatu kumekuwa shughuli. Nenda ukatazamwe, maana nakujua, wewe ukiumwa husema umechoka tu.

Sisi huku wazima, kwa majibu ya haraka. Mama mzima, presha yake imetulia ila anaitafutia sababu ya kupanda kila siku. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimejaa. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Nyumba yetu unaijua: jina lako likitokea tu, Mama anaweka spika, Baba anavuta kiti, na hapo hakuna siri tena. Barua hii atakuletea mwenzio wa kazini aliyekuja likizo. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nianze na habari njema, ili usiseme kaka yako anakuletea mikosi tu. Nimepewa nafasi kubwa kwenye mchezo! Kweli kabisa, si chumvi zangu. Mimi, Chiriku, niliyekuwa nafukuzwa mezani kwa kuongea sana, sasa watu watakata tiketi kuja kunisikiliza. Tunaonyesha Jumamosi ijayo. Mchana bado nauza rangi dukani, jioni nakimbilia mazoezini nikiwa na madoa mikononi.

Mazoezi tunafanyia kwenye stoo ya zamani ya karatasi, haina hata dirisha moja. Mwalimu wetu ni mama mmoja aliyeigiza michezo ya redio miaka mingi. Tunamwita Mama Tena, kwa sababu ukimaliza kipande chako, hata kama umelia machozi ya kweli, yeye anasema, "Tena!" Amenipa uhusika wa mzee anayegoma kuhama nyumba yake wakati wanawe wanataka kuiuza.

Siku ya kwanza niliaibika, Dada. Nilipinda mgongo, nikatetemesha mikono, nikakohoa mpaka koo likaniwasha. Wenzangu walicheka mbavu zikawauma, nami nikadhani wanafurahia. Mama Tena akauliza, "Huyu mzee ana miaka mingapi? Mia mbili?" Kisha akanivuta pembeni. Akaniambia uzee si kikohozi, na kwamba nyumbani kwetu bila shaka kuna mtu mzima. Nimtazame mpaka nimjue, na yeye asijue kama anatazamwa.

Basi nikaanza kumtazama Baba. Nilimtazama akila, akifunga karakana, akitafuta kandambili zake. Unajua, nimeishi na mtu huyu tangu nizaliwe, kumbe nilikuwa namwona tu, simtazami.

Kabla ya kupita sebuleni anagusa mgongo wa kiti, kisha wa kiti kinachofuata. Akimimina chai anaweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Mlangoni anasita kidogo, mguu wa kulia unatangulia kupapasa chini, ndipo anaingia. Penseli yake ya useremala bado iko juu ya sikio, lakini ncha yake imekuwa butu kabisa. Siku hizi mbao anazitia alama kwa msumari, halafu anapitisha kidole gumba kwenye mkwaruzo. Nikafurahi sana kuyaona hayo yote. Nilihisi kama nimeokota mali.

Nikayabeba yote mpaka stoo. Nikagusa viti, nikasita mlangoni, kila kitu. Mama Tena hakupendezwa. Akauliza, "Mkono huo unatafuta nini?" Nikasema mzee amechoka. Tena! Nikasema goti linamuuma. Tena! Nikasema ni mazoea tu ya nyumbani kwake. Akakunja uso, akasema mwili wa mtu haufanyi kitu bila sababu, na mimi nimeiba nguo nikamwacha mwenye nguo. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Jumanne umeme ukakatika katikati ya kipande changu. Giza totoro. Sheria yetu ni kwamba huachi kuigiza mpaka Mama Tena aseme "Basi," na hakusema. Nikaendelea. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mgongo wa kiti. Mguu ukatangulia kutafuta ukingo wa jukwaa. Sikuwa naiga tena. Umeme uliporudi kila mtu alikuwa amesimama ananitazama, na Mama Tena akapiga makofi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Huyo ndiye!" akasema. "Umempata!"

Wenzangu walinikumbatia. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa nimeipata sababu ya ule mkono.

Dada, Baba haoni. Sisemi ni kipofu. Lakini macho yake yanaondoka, na anatuficha, na sijui ameanza lini.

Ukishaanza kufikiri hivyo, mengine yote yanakuja mbio. Tangu nijiunge na kundi hili ananiambia nimsomee gazeti kwa sauti, ati nifanye mazoezi ya kutamka. Nikawa najigamba kwa wenzangu kwamba baba yangu anaunga mkono sanaa! Mama naye anamsifu kwamba siku hizi ametulia, hatoki jioni. Hatoki kwa sababu jioni haioni njia.

Nilijaribu kujipa moyo. Nikajiambia kazi hii imeniharibu, sasa naona mchezo kila mahali. Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya kwenda dukani, nikapita karakana kumtazama tena. Nikasimama mlangoni, jua likiwa mgongoni kwangu. Baba akainua uso, akatabasamu lile tabasamu la wateja, akasema, "Karibu, bwana. Nikusaidie nini?"

Bwana! Mimi niliyekunywa naye chai saa hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi ambao hautanitoka. Nilitaka kusema, "Ni mimi, Baba." Lakini niliogopa kuona uso wake akigundua nimemkamata, nikapaniki, na ikatoka sauti ya yule mzee wangu wa mchezo, nzito, ya taratibu. Nikasema nahitaji stuli ya jikoni. Baba akauliza mbao gani, kimo gani. Nikajibu yote, Dada! Mwigizaji ukishaingia huwezi kusimama katikati. Akaniambia nirudi Alhamisi, nami nikamshukuru nikaondoka kwa mwendo ambao ni wake mwenyewe.

Wakati wa chakula akamsimulia Mama habari za mteja mpya, mzee mmoja mwenye heshima zake, wa zamani kabisa, si kama vijana wa leo. Akanigeukia akasema mtu kama yule ndiye ningemtazama kwa ajili ya mchezo wangu. Nilinywa maji, nikasema ndiyo, Baba.

Sasa unaelewa kwa nini silali. Jana sikwenda dukani, na kutwa nzima nimesikia ule msumeno wake wa umeme, ule wa mezani, ukilia kule karakana. Anakata mbao za stuli ya mtu asiyekuwepo. Anazisukuma kwa vidole, macho hayamsaidii, na mimi ndiye niliyempa kazi. Kila msumeno unapobadilika sauti nasimama. Ukinyamaza ghafla ndiyo mbaya zaidi, nasubiri nisikie akipiga nyundo au akiimba, ndipo nakaa. Leo Jumapili angalau haufanyi kazi. Kesho je?

Utaniuliza kwa nini simwambii. Nimejaribu. Nilimwambia kwa utani twende sote tukapimwe macho, mimi rangi za dukani zinaniumiza. Akacheka, akasema, "Ameshaanza maigizo yake." Mimi kwake ni kitinda mimba, hata nikizeeka nitabaki yule mtoto aliyeanguka kwenye ndoo. Mama nikimwambia, presha yake unaijua, na atapiga kelele mpaka jirani wajue, na Baba hatatusamehe. Wewe ni mwanawe wa kwanza. Wewe ukisema neno, anakaa chini. Alipokataa kung'oa lile jino, nani alimpeleka?

Kisha kuna hiyo Jumamosi. Ameshawatangazia wateja wote. Ameomba kiti cha mbele kabisa, nami nilidhani ni kwa ajili ya fahari. Mbele ya watu wote hao nitasimama nitembee kama yeye, nipapase viti kama yeye. Akitambua, nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Asipotambua, nitajua kwa hakika kwamba haoni kitu, nami nitatakiwa kuendelea kusema maneno yangu. Sijui lipi naliogopa zaidi.

Nilimwomba Mama Tena nibadilishe mwendo, bila kumweleza sababu. Alikataa katakata. Akasema nimefanya kitu ambacho wengine wanakitafuta miaka, na nisikitupe kwa woga. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe huniwekei kinyongo: aliposema hivyo nilifurahi. Nilifurahi, halafu nikajichukia njia nzima. Nilitaka sana kuwa mwigizaji mzuri. Sikujua kwamba ukijifunza kutazama huchagui utakachokiona.

Naomba uje, Dada. Usingoje likizo, omba ruhusa, sema kuna mgonjwa nyumbani, wala hutakuwa umedanganya. Njoo kabla ya Alhamisi ikiwezekana, umpeleke kwa daktari wa macho kwa namna yako ile ya kuamuru kama unabembeleza. Labda kuna dawa, labda ni kukatwa kidogo na kuvaa miwani, mimi sijui. Nikimpata Baba peke yake nitamwambia habari za stuli mwenyewe. Lakini siku hiyo nataka nawe uwe nyumbani, asibaki na mimi tu.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie deni lake la kunifunga kwenye drafti nalikumbuka. Wabusu Bonge na Bonge Nusu. Shangazi ukimwona mwambie nakula, asihangaike kutuma vitu. Mungu akulinde njiani, akupe gari zuri na dereva mwenye usingizi wa kutosha.

Nilikuwa nimefika hapo, nikitaka kuweka jina langu, Baba akaingia. Kurasa zote zilikuwa wazi mezani, sikuwahi kuzifunika. Akauliza naandika nini. Nikasema nakuandikia wewe. Uso ukamchangamka, akanyoosha mkono aone. Nilishindwa kumkatalia, Dada, nikampa ukurasa uliokuwa juu, ule ule nilioandika kwamba haoni. Akausogeza karibu na uso, akageuza kichwa upande kidogo, akakaa nao muda mrefu kama mtu anayesoma mstari kwa mstari.

Kisha akaitikia kwa kichwa, akanirudishia. "Umeandika vizuri," akasema. "Usiongeze kitu. Dada yako atafurahi."

Mdogo wako akupendaye, anayekusubiri mlangoni,

Chiriku