Njia ya Baharini Niliyomwelekeza Mwajuma

Ijumaa. Ng'ambo, Tabora.

Mke wangu amekufa Jumanne. Malaria ilimpanda kichwani, mimi nilikuwa nimefika kwa treni Jumatatu. Tumemzika siku hiyohiyo saa kumi. Anaitwa Mwajuma.

Leo jua kali, vumbi linapita taratibu kama moshi. Nimekaa barazani. Natazama njia hii ya kwetu, mara naona ya kule ninakofanya kazi. Zinaingiliana. Bodaboda inakata kona kwa fundi cherehani, mimi naona inazunguka lile kombe la saruji la kule.

Kule ni pwani, wanakaa matajiri. Mimi kibarua, napanga pevingi, vile vitofali vya barabarani. Ukipita geti kubwa unakuta kombe la bahari la saruji, kubwa kuliko nyumba yangu, magari yanalizunguka. Mitaa ina majina ya samaki. Kolekole kushoto, Changu kulia, halafu Pweza mpaka mwisho. Maua yamemwagika ukutani. Asubuhi watu wanakimbia na hakuna anayewafukuza. Mbwa ana mtu wake wa kumtembeza. Barabara inafagiliwa hata kama haina kitu.

Kila jioni nilikuwa nampigia simu Mwajuma, namtembeza mtaa mmoja. Alishika yote. Hakuwahi kuvuka stesheni ya Goweko, lakini Mtaa wa Kolekole alikuwa anaujua.

Nikifika mwisho wa Pweza namwambia, sasa naingiza miguu baharini. Maji ya vuguvugu. Mchanga unaondoka chini ya nyayo.

Uongo.

Mwisho wa Pweza kuna geti la pili. Kibarua hapiti. Bahari naiona kwa upenyo tu kati ya kuta mbili, kama kanga imeanikwa. Miaka minne. Jumapili ningeweza kuzunguka mbali, kwa wavuvi. Nililala.

Jumanne jeneza lilipotaka kutoka, Bi Tatu akajilaza mlangoni. Bi Tatu ni jirani, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Mtani msibani hakemewi.

"Halipiti! Mnyamwezi wee, nielekeze kwanza njia ya baharini, kama ulivyokuwa unamwelekeza mwenzio!"

Watu wakacheka huku wanalia. Nikaanza. Geti, kombe, Kolekole, Changu, Pweza. Nikakwama. Mama mkwe ananitazama. Jeneza liko mabegani mwa watu.

Nikasema, "Sijawahi kufika. Nilimdanganya."

Bi Tatu akainuka, akakaa kitako.

"Hee! Mababu zenu walikuja kwetu kwa miguu, pembe za ndovu begani, wakaoga. Wewe umekuja na treni, umerudi mkavu!"

Hata mama mkwe alicheka. Mimi nilitamani wanilaze mle pamoja na Mwajuma.

Halafu Bi Tatu akasimama, akanisogelea, sauti ndogo. "Alijua, shemeji. Aliniuliza bahari inanukaje, nikamwambia. Akasema, mume wangu hajataja harufu hata siku moja. Akanikataza nisikwambie. Eti ukijua, utaacha kumsimulia."

Akatupisha.

Siku tatu nasikia hilo tu. Alikuwa anajua, na bado ananiuliza, "Maji leo yakoje?" Ananisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani mimi ndiye ninayemtembeza.

Nikifumba macho tunapita Pweza wote wawili. Yeye yuko mbele, na ndala zake. Mlinzi haulizi kitu. Nikifumbua, ni vumbi la Ng'ambo na kuku wa jirani.

Sijui kulia. Nimejaribu.

Leo asubuhi mama mkwe amekuja kukaa hapa barazani, karibu yangu. Kisha akasema, "Baba, jioni ukiwa kule, mimi utanipigia?"

Nikamwambia nitampigia. Ila safari hii nitamfikisha getini tu, mbele ya hapo sipajui.

"Getini panatosha," akasema.

Kesho narudi kazini.