Harufu ya Uwatu

Tunis, 3 Machi 1996

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi. U hali gani, na goti je? Mimi sijambo. Gauni la harusi nililokodi linanikaa, ila naogopa nikila tu litanibana, kwa hiyo naishi kwa matango na kahawa. Ofisini wananitania, "Dorra, upepo ukija tukushike?" Wao hawaoni ninachokiona kwenye kioo. Mimi naona gunia.

Nitumie bsisa yako kwa dereva wa basi la Gabès. Chakula kingine kinanitisha, huo unga wako nimeuzoea tangu utotoni. Ila niapie hutatia cha kunenepesha.

Binti yako, Dorra

Gabès, 10 Machi

Mwanangu Dorra,

Nimepokea salamu. Goti linauma likitaka, alhamdulillahi. Kopo hilo hapo: ngano, dengu, shamari na ganda la chungwa, basi. Naapa kwa kaburi la baba yako. Koroga na mafuta ya zeituni, vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Kula bila hofu.

Mama yako

Tunis, 2 Aprili

Mama, habari za huko? Kopo limekwisha, niletee jingine! Wiki tatu sijajipima. Jana nilicheka ofisini mpaka nikasahau kubana tumbo. Mungu akuweke.

Dorra wako

Tunis, 25 Aprili

Mama,

Natumai u mzima. Mimi si mzima.

Leo nimekwenda kujaribu gauni, zipu ikakwama mgongoni. Yule bibi mwenye duka akaninusa, akaangua kicheko: "Bibi harusi, unanuka uwatu! Nani anakunenepesha?" Duka zima likacheka.

Nikajinusa. Uwatu kweli, umetoka kwa jasho. Kumbe ganda la chungwa lilikuwa la kuficha ladha!

Nilimbana mchumba wangu Sofiene mpaka akasema. Mama yake alikuja kwako Februari, akakwambia hataki mkwe mwenye mabega ya kutundikia nguo. Mkakaa wawili mkaupanga mwili wangu kama pazia la sebuleni.

Uliapa kwa kaburi la baba, mama. Duniani niliogopa kila kijiko isipokuwa chako.

Dorra

Gabès, 2 Mei

Dorra mwanangu,

Salamu, hata kama huzitaki. Ndiyo, nilitia. Mama Sofiene alisema, lakini hata asingesema ningetia. Idi ulipokuwa unabadilisha nguo niliziona mbavu zako, nikaenda kulia jikoni. Ningekuomba ule, ungekataa. Dhambi ya kiapo ni yangu.

Nakutumia kopo jipya, halina uwatu. Nimesaga mbele ya jirani Mabrouka, muulize.

Mama yako

Gabès, 20 Mei

Dorra,

U hali gani, mwanangu? Dereva amenirudishia kopo. Uzi niliolifungia ni ule ule, haujafunguliwa. Kwamba harusi imeahirishwa nimeambiwa na watu.

Sofiene alipiga simu kwa Mabrouka. Anasema mkate huli mpaka uununue mwenyewe, na hata maji akikupa unayanusa kwanza. Hilo nimelifanya mimi.

Njoo nyumbani. Ufunguo wa jikoni nimemwachia Mabrouka, uuchukue kwake. Utapika mwenyewe, mimi nitakaa uani.

Mama yako