Dawa Aliyochemsha Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 1997
Nimechuma kahawa asubuhi, nikarudi kumenya ndizi za mtori. Mke wangu Aurelia amekula vijiko viwili, akatapika. Ndivyo alivyo tangu walipomtoa ziwa la kushoto na kuanza dripu za saratani. Mama yake amefika kutoka Kahe na kikapu cha majani ya mlonge na magome. Anachemsha tangu mchana. Nyumba nzima inanuka uchungu. Sipendi.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda misa. Aurelia anakunywa kikombe asubuhi na jioni, kisha mama yake anamkanda miguu. Leo kamaliza bakuli zima la mtori. Ilipasa nifurahi. Nimeona wivu. Mimi nampikia tangu Pasaka, hataki kula.

Jumanne, 15 Julai
Hospitali. Damu imepungua, dripu imeahirishwa. Nimerudi na hasira. Nikabeba sufuria ya dawa, nikaimwaga migombani mbele ya mama mkwe. Nikamwambia, "Unamuua mwanao na magome yako!"
Mkwe wangu! Nimesema hivyo kwa mkwe wangu.
Mama alikunja khanga zake, akashuka barabarani. Aurelia kageukia ukutani.

Alhamisi, 24 Julai
Aurelia hali chakula. Hasemi nami. Nilijaribu kumkanda, akavuta mguu.

Ijumaa, 1 Agosti
Nilimweleza daktari habari ya magome, nikitegemea ataniunga mkono. Akauliza, "Alipokuwa anakunywa, alikuwa anakula?" Nikasema ndiyo.
Kasema dawa ile haiponyi saratani. Siku za dripu Aurelia angepaswa kuiacha, maana yeye daktari hajui inafanya nini kwenye ini, na ilifaa tumwambie mapema. Lakini damu hupunguzwa na dripu zenyewe. Hakuona sababu ya kumlaumu mama.
"Na huyo mama yuko wapi?"
Nikasema amerudi Kahe.
Kisha akaniita pembeni. Saratani imeingia mapafuni.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimeshuka Kahe. Niliwaza maneno njia nzima, nilipofika yakanipotea. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Karibu chakula." Nikapiga magoti. Akasema, "Kula kwanza." Nikala wali wake, siusikii ladha. Nilipomaliza kueleza habari ya mapafu, alikuwa ameshafunga mzigo wake.

Jumanne, 19 Agosti
Dripu hakuna tena. Mama mkwe hakuleta majani safari hii. Nilimwomba achemshe. Kasema Aurelia hawezi kumeza tena. Wanalala kitanda kimoja. Wanacheka chini chini, nikiingia wananyamaza.
Leo Aurelia kanishika mkono. "Siku ile ulikuwa unaogopa," alisema.
Ndiyo. Niliogopa. Si kisingizio.

Jumapili, 14 Septemba
Tulimzika Alhamisi, hapa hapa kihambani, kando ya migomba yetu. Watu walikuwa wengi. Wamenisifu kwamba nilimuuguza vizuri.
Leo nimemsindikiza mama mkwe stendi. Basi lilichelewa. Tulikaa kwenye benchi, mzigo wake katikati yetu. Akasema bila kunitazama, "Nimekusamehe, baba. Lakini zile siku nilizokaa Kahe bure, nazitaka."
Sikuwa nazo za kumpa.
Nimefika nyumbani. Majirani wamefagia ua. Nimekaa kizingitini, viatu bado miguuni.